Bastola ya Faranga 23

Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873, mshairi wa Kifaransa Paul Verlaine aliingia katika duka la silaha la Montigny, ndani ya Galerie de la Reine mjini Brussels, akatoka na bastola ndogo ya risasi sita. Ilimgharimu faranga 23. Haikuwa na makuu: kipenyo cha milimita 7, aina ya Lefaucheux, mojawapo ya zile zilizokuwa zikiuzwa kama njugu Ulaya nzima kwa wasafiri, wenye maduka na waume wenye wivu. Chuma chake kilikuwa kimegongwa nambari 14096, na nambari hiyo ilikuwamo kwenye daftari la duka.

Saa nane mchana wa siku hiyo Verlaine alikuwa amelewa. Chumbani mwake hotelini alikuwamo Arthur Rimbaud, kijana wa miaka 18, mshairi mwenzake na mpenzi wake, ambaye kwa ajili yake alikuwa amemwacha mke na mtoto mchanga. Rimbaud alitaka kurudi Paris. Verlaine hakutaka. Akafyatua mara mbili: risasi moja ikampata Rimbaud kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ya pili ikakosa. Mama yake Verlaine, aliyekuwa chumba cha pili, akaandamana nao hospitalini kufunga jeraha, na ikaonekana mambo yamekwisha kifamilia. Lakini jioni, wakielekea stesheni, Verlaine alitia mkono mfukoni, na Rimbaud akatimua mbio hadi kwa polisi. Bastola ikawa kizibiti. Mwenye bastola akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na faini ya faranga 200, akapelekwa gereza la Mons na kuachiwa Januari 1875.

Tarehe 30 Novemba 2016, chuma hicho kilipandishwa mnadani na Christie's mjini Paris. Wanadi walikuwa wamekikadiria euro 50,000 hadi 60,000. Kikaondoka kwa euro 434,500.

Wakati huohuo bastola ndugu zake, zilizotoka mikononi mwa mafundi walewale, kwa kipenyo kilekile na mpini uleule, zinauzwa kwa mamia machache ya euro katika masoko ya vitu vya kale ya Ufaransa na Ubelgiji. Kwa hiyo anayetaka kujua bei ya bastola ya kale akianza kwa kuitazama bastola peke yake ameshapotea njia. Umri wake ataupata kwenye chuma. Historia yake haimo kwenye chuma, imo kwenye karatasi. Bei inakuja pale viwili hivyo vinaposhikana bila kuacha mwanya wa kupitisha hata unywele.

Waliosoma hadithi za Mtume wanaijua habari ya isnadi. Maneno kuwa mazuri hayatoshi. Lazima ijulikane nani kapokea kwa nani, na kiungo kimoja kikikatika, hadithi huitwa dhaifu hata iwe tamu namna gani. Wataalamu wa silaha za kale wanafanya kazi inayofanana na hiyo, isipokuwa wao wanakagua mnyororo wa mikono iliyoshika chuma.

Tuanze na jicho kabla ya karatasi. Mtu akiletewa bastola ya aina ya ile ya Verlaine, mahali pa kwanza kutazama ni ukingo wa nyuma wa silinda, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi. Akiona vipengo sita vya nusu duara vimechongwa ukingoni, kama kinywa cha mtoto anayeota meno, nusu ya jibu ameshaipata. Risasi ya Lefaucheux ilikuwa na kijimsumari kilichochomoza ubavuni, karibu na kitako cha ganda, na vipengo hivyo ndivyo vilivyokipisha. Nyundo ya bastola haikupiga kitako cha risasi kama ilivyo leo. Ilishuka kutoka juu, ikakigonga kijimsumari, nacho kikaichoma fataki ndogo iliyofichwa ndani ya ganda, baruti ikawaka. Ulikuwa ubunifu wa maana kwa wakati wake, ingawa risasi zenye misumari nje si za kuachia zitembee ovyo mfukoni.

Casimir Lefaucheux, fundi wa Paris, aliibuni risasi hiyo katika miaka ya 1830. Mwanawe Eugène akaitengenezea bastola mwaka 1854, na mwaka 1858 jeshi la majini la Ufaransa likaikubali ile yenye kipenyo cha milimita 12. Baada ya hapo mafundi wa Ubelgiji wakaivamia. Liège ilikuwa mji wa mafundi wa bunduki tangu zamani, watu wakifanya kazi majumbani mwao, huyu akichonga mitutu, yule nyundo, mwingine mipini, na mfanyabiashara akikusanya vipande na kuviunganisha. Bastola zikatoka kwa maelfu. Nyingi hazikuwa na jina la mtengenezaji hata moja. Wateja waliziita zote Lefaucheux, kama nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilivyoita kila dawa ya meno Colgate, na hadi leo mtu anaweza kukuapia kwamba anayo Lefaucheux halisi ya Paris huku Liège ikimcheka kutoka ubavuni mwa silinda.

Liège inacheka kwa njia ya muhuri. Sheria iliwataka mafundi wa mji huo wapeleke silaha kwenye nyumba ya majaribio, ambako mtutu ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Ukipasuka, basi. Ukistahimili, unagongwa alama: herufi ELG zenye nyota ndogo, ndani ya duara refu kama yai. Alama hiyo ilitumika miongo mingi bila taji. Mwaka 1893 ikaongezewa taji juu yake. Taji hilo ni dogo kuliko punje ya mtama, mara nyingi limelika, na halionekani vizuri bila kioo cha kukuzia. Lakini likiwapo, silaha imejaribiwa mwaka 1893 au baadaye, na masimulizi yote ya familia kwamba babu mkubwa aliibeba katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 yanabomoka papo hapo. Waingereza nao wana mihuri yao, ya London na ya Birmingham, mji uliopewa nyumba yake ya majaribio mwaka 1813.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na kuteleza kwao kunafanana. Wanaona mwaka umeandikwa kwenye chuma na kushangilia. Bastola mashuhuri kuliko zote za Marekani, Colt Single Action Army ya mwaka 1873, ina maandishi ubavuni yanayotaja Septemba 19, 1871, kisha Julai 2, 1872, na nyingi zina Januari 19, 1875 pia. Mwenye nayo anasema ilitengenezwa 1871. Hapana. Hizo ni tarehe za hataza, yaani siku serikali ilipomtambua mbunifu kuwa mwenye haki ya ubunifu wake, na kiwanda kiliendelea kuzigonga kwa miaka mingi. Ni sawa na kusoma mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni kwenye chupa ya soda na kudhani soda yenyewe ina umri huo. Bastola yenye maandishi ya 1871 inaweza kuwa imetengenezwa 1885.

Hataza zilikuwa na nguvu ya kusukuma historia nzima ya silaha hizi. Mwaka 1855 Mmarekani Rollin White alipewa hataza ya silinda iliyotobolewa mwanzo hadi mwisho, kiasi cha kuweza kuingiza risasi ya ganda kwa nyuma. Kampuni ya Smith & Wesson ikakodi haki hiyo na kumlipa senti 25 kwa kila bastola, ikatoa bastola yake ya kwanza mwaka 1857. Samuel Colt, tajiri na maarufu kuliko wote, akabaki akiuza bastola za kujaza baruti na risasi kwa mbele ya silinda, huku fataki zikibandikwa moja moja kwenye chuchu za nyuma. Alikufa Januari 1862. Hataza ya White iliisha 1869, na ndipo Colt wakaja na ile ya 1873. Kwa hiyo mtu akikuonyesha Colt yenye risasi za ganda na kudai ni ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, muulize kama haikufanyiwa ukarabati baadaye, maana wapo waliozipeleka bastola zao za fataki kiwandani zikageuzwe.

Kinachotoa mwaka hasa ni nambari. Colt za 1873 zilihesabiwa tangu 1 hadi zaidi ya 357,000 kufikia mwanzo wa miaka ya 1940, na wakusanyaji wanayo majedwali yanayoonyesha nambari gani iliangukia mwaka gani. Kampuni pia inatoa barua kwa malipo: unawapa nambari, wanafungua vitabu vya usafirishaji, wanakuandikia silaha hiyo iliondoka kiwandani tarehe ipi, ikiwa na mtutu wa urefu gani, rangi gani, na ilipelekwa kwa duka lipi. Barua hiyo yenyewe hupandisha bei. Inaweza pia kuiua, ikisema kwamba bastola iliyo mikononi mwako na mtutu wa inchi nne na robo ilitoka kiwandani na mtutu wa inchi saba na nusu. Kuna msumeno ulipita hapo katikati.

Si kila kitabu kimesalimika. Tarehe 4 Februari 1864 kiwanda cha Colt mjini Hartford kilishika moto, na kumbukumbu nyingi zikateketea pamoja na mashine. Ndiyo maana wenye Colt za zamani zaidi mara nyingi hawawezi kupata barua ya aina hiyo, hata kama silaha yao ni nzima na ya kweli.

Vitabu vya kiwanda vimewaumbua wengi, na vimewainua wengine. Bat Masterson, mlinda sheria wa Dodge City, Kansas, alizeeka akiwa mwandishi wa habari za michezo mjini New York. Inasimuliwa kwamba mkusanyaji mmoja alimsumbua sana amuuzie bastola yake ya ujanani. Masterson akaenda kununua Colt kuukuu, akachonga mikato 22 kwenye mpini na kumpa. Mtu akaondoka na furaha yake, akiamini kila mkato ni roho moja. Lakini upo ushahidi wa aina nyingine kabisa: mwezi Julai 1885 Masterson huyohuyo aliwaandikia Colt barua, kwenye karatasi ya baa ya Opera House ya Dodge City, akiagiza bastola na kueleza anavyotaka kifyatulio kiwe chepesi na kilengeo cha mbele kiwe kinene zaidi. Bastola inayolingana na agizo lake kwenye vitabu vya kiwanda ni mali. Ile ya mikato 22 ni kichekesho, ingawa kichekesho chenyewe kikithibitishwa kitauzwa vizuri.

Kwa isnadi iliyokamilika, hakuna mfano mkubwa kuliko bastola ya Pat Garrett. Garrett alikuwa mlinda sheria wa New Mexico. Desemba 1880, huko Stinking Springs, aliwakamata Billy the Kid na wenzake, na kwa mmoja wao aliyeitwa Billy Wilson akachukua Colt ya 1873 yenye nambari 55093. Billy the Kid alitoroka jela mwaka uliofuata, akiua walinzi wawili. Usiku wa Julai 14, 1881, katika chumba chenye giza huko Fort Sumner, Garrett alimpiga risasi na kumuua kwa bastola hiyo.

Baadaye Garrett mwenyewe aliuawa, mwaka 1908. Bastola ilikuwa imebaki ukutani mwa baa ya Coney Island mjini El Paso, kwa rafiki yake Tom Powers, kama pambo la kuvutia wateja. Powers alipofariki, mjane wa Garrett, Apolinaria, alidai irudi. Wenye mirathi wakakataa. Akaenda mahakamani, na katika miaka ya 1930 akaishinda kesi. Wakati ule ilikuwa kesi ya mjane mzee akipigania urithi wa mumewe. Tukiitazama leo, ndiyo iliyokamilisha isnadi: mahakama ilitamka kwa maandishi kwamba chuma hiki ndicho kile, na mwenyewe ni huyu. Kutoka kwa familia ikaenda kwa wakusanyaji. Tarehe 27 Agosti 2021 Bonhams waliiuza Los Angeles kwa dola milioni 6.03, mara mbili ya makadirio ya juu, na hapakuwa na silaha yoyote ya moto duniani iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo mnadani. Colt nyingine ya mwaka uleule, iliyochakaa vilevile lakini isiyo na jina la mtu, huuzwa kwa maelfu kadhaa ya dola.

Upande wa pili wa mizani upo uwanja wa Auvers-sur-Oise, kaskazini mwa Paris. Mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi kifuani huko Julai 27, 1890, akajikokota hadi nyumba ya wageni ya Ravoux alikokuwa akiishi, akafa siku mbili baadaye. Silaha haikuonekana. Miaka ya 1960 mkulima akilima pale akafukua bastola iliyoliwa na kutu kiasi cha kubaki kama mzizi wa mti: Lefaucheux, milimita 7, ndugu kabisa wa ile ya Verlaine. Ikapewa wenye nyumba ile ya wageni. Mwaka 2019 ikapigwa mnada Paris kwa euro 162,500.

Ushahidi wake? Ilipatikana mahali panapoaminika ndipo alipojipigia. Kipenyo chake kinalingana na risasi iliyoelezwa na daktari. Kutu yake ilionyesha kwamba imelala ardhini miaka mingi, kwa makadirio kati ya 50 na 80, na udogo wa nguvu yake ungeeleza kwa nini mtu aliyejipiga kifuani aliweza kutembea hadi nyumbani. Yote hayo yanaingia akilini. Lakini hakuna nambari iliyosomeka ikakutana na kitabu, hakuna mkono unaojulikana kati ya 1890 na jembe la mkulima. Taasisi ya Van Gogh ya Auvers yenyewe iliulalamikia mnada ule na kusema hakuna kitu kinachoifungamanisha rasmi silaha hiyo na kifo cha mchoraji, na wapo waandishi wa wasifu wake wanaoshikilia kwamba hakujipiga, alipigwa na vijana. Kwa lugha ya wanahadithi, hii ni dhaifu. Makala hii inasimama upande wa wanaosita: aliyelipa euro 162,500 alinunua uwezekano, na uwezekano huo ulimgharimu chini ya nusu ya bei ya daftari la Montigny.

Baada ya umri na nasaba kuna hali ya silaha, na hapo maadui wakubwa si wezi wala waghushi. Ni watu wema. Mjukuu anakuta bastola ya babu, anaona aibu kwa kutu, anachukua msasa na kuisugua mpaka inameta kama sufuria mpya. Ameondoa muhuri wa Liège. Ameondoa pembe kali za herufi. Ameondoa mabaki ya rangi ya kiwandani, ile bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, ambayo wakusanyaji huipima kwa asilimia na kugombana juu ya kila asilimia. Bastola iliyong'arishwa inaweza kupoteza nusu ya thamani yake au zaidi kwa kazi ya jioni moja. Nyingine hutiwa rangi upya kwa ustadi, na hapo mtaalamu anatazama matundu ya skrubu na herufi: fundi wa zamani aligonga herufi baada ya kulainisha chuma, kwa hiyo kingo zake ni kali, aliyelainisha baadaye ameziacha butu kama maandishi ya sabuni iliyotumika.

Rimbaud, aliyepigwa risasi na bastola ya faranga 23, aliacha ushairi angali kijana, na kisa chake kinaingia pwani ya Afrika kwa mlango ambao haukutarajiwa. Mwaka 1880 alifika Aden, na kabla mwaka haujaisha akawa karani wa biashara huko Harar, katika Ethiopia ya leo. Kuanzia 1885 akaingia katika biashara ya silaha. Alipeleka msafara wa bunduki zipatazo 2,000 kwa Menelik, mfalme wa Shoa, kupitia Tadjoura. Mshirika wake alifariki, yeye akasubiri pwani karibu mwaka mzima, na alipofika mwaka 1887 Menelik alimpunja kwenye hesabu. Kinachovutia ni aina ya bunduki. Katika barua aliyowaandikia jamaa zake akiwa Tadjoura alieleza kwamba ni bunduki za fataki zilizokwisha kustaafishwa na majeshi ya Ulaya miaka 40 nyuma, zinazopatikana kwa wauza silaha kuukuu wa Liège au Ufaransa kwa faranga 7 au 8, na kwamba Menelik huuziwa kwa takriban faranga 40.

Neno fataki tunalo hadi leo, ingawa watoto wanalijua kwa mlio wa sikukuu tu. Kwa wazee wa pwani na bara lilikuwa kile kikofia kidogo cha shaba kilichobandikwa kwenye chuchu ya gobore. Silaha ambazo Ulaya ilizitupa ndizo zilizofurika Unguja, Bagamoyo na Tadjoura, zikaingia kwenye misafara ya pembe na ya watumwa, na zikakaa vijijini vizazi na vizazi. Bastola hazikuwa nyingi kama gobore. Nyingi zilikuwa viunoni mwa maofisa, wamisionari na wasafiri.

Na hizo nazo ziliachiwa karatasi. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini Julai 2, 1890 na mataifa kadhaa, Zanzibar ikiwamo, ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Msafiri aliruhusiwa silaha yake ya kujilinda kwa sharti: mamlaka iiandikishe, iigonge alama, na impe mwenyewe kibali chenye jina lake na mfano wa alama ile. Kwa mtafiti wa leo, sharti hilo ni zawadi. Bastola iliyopita kihalali katika bandari za Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ilipaswa kubeba alama mbili zisizohusiana, ya kiwanda au nyumba ya majaribio na ya mamlaka ya bandari, na kila moja ilipaswa kuwa na kitabu chake mahali fulani.

Neno "ya kale" lenyewe lina maana tofauti kila linapovuka mpaka. Sheria ya Marekani ya 1968 inaitambua silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Uingereza, kwa kanuni za 2021, inatazama iwapo ilitengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939 na pia iwapo inatumia risasi au mfumo wa kuwasha ambao umekwisha kutoka sokoni. Vipengo vya Lefaucheux vinahesabika humo. Tanzania na Kenya mambo ni makali zaidi. Kukutwa na bastola bila kibali ni kosa, na haitasaidia kumwambia askari kwamba ilikuwa ya mmisionari.

Basi msomaji unayefungua sanduku la marehemu na kukuta kitu kizito kimeviringishwa kwenye kitambaa cha mafuta: usikifyatue, usikisugue, usimpe fundi. Waite polisi wa kituo cha karibu, na kabla hawajafika tazama chini ya kitambaa. Ikiwapo karatasi, kibali cha zamani, risiti, hata bahasha yenye jina na mwaka, ihifadhi pamoja na silaha na uombe iandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na nambari ya chuma.

Bastola 14096 ilikabidhiwa na daftari, ikaondoka kwa euro 434,500.